Jicho la Mheshimiwa

Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachougua peke yake. Mtoto akiumwa sikio, kikao kinaitishwa. Kuku akikohoa, simu inapigwa Mpigi kwa mama mkwe. Jiko la mkaa likitoa moshi mzito, hakosekani mtu wa kumkumbuka marehemu fulani ambaye jiko lake lilianza hivyohivyo. Wewe mwenzangu mwenye familia unanielewa. Wewe usiye nayo, kaa hapo pembeni usikilize, zamu yako inakuja.

Tunaishi Kamwokya, upande wa bondeni, siyo ule unaopakana na Kololo ambako hata mbwa wa mabalozi wana daktari wao. Ukishuka kutoka pale Jumba la Makumbusho la Uganda, Kira Road, ukapita soko, ukafuata harufu ya chapati na mayai, ukamsikia mmoja anachomelea chuma na mwingine anahubiri kwa spika, umefika. Tuna vyumba viwili na sebule, na ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, sisi ndio tunaomwombea afya.

Mimi ni Mhaya wa Nshamba, Muleba. Nilivuka mpaka wa Mutukula kuja kufundisha Kiswahili, na kazi imezidi kuongezeka tangu baraza la mawaziri la Uganda liamue, Julai 2022, kwamba lugha hii iwe ya lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilikuja kufundisha, nikaoa Muganda, na sasa ninayefundishwa ni mimi.

Ngoja nikutajie wakuu wa serikali yangu. Mke wangu ni Mkaguzi Mkuu: anakumbuka chenji ya mwaka juzi na nani aliila. Binti yetu mkubwa ni Wakili, hajawahi kupokea hukumu bila kukata rufaa. Kitinda mimba tunamwita Mkia, kwa kuwa anamfuata kila mtu mpaka mlango wa choo. Shemeji yangu nimempa cheo cha Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda, maana hana kazi lakini ana maoni kuhusu kazi ya kila mtu. Alikuja kulala kwetu usiku mmoja kabla ya usaili. Usaili ulishapita, na kampuni yenyewe nasikia imehama. Mama mkwe ni Namasole, ndicho cheo cha mama yake Kabaka. Sithubutu kulitamka jina hilo mbele yake. Lakini kwa desturi za kwao sitakiwi hata kuwa mbele yake, kwa hiyo niko salama.

Halafu kuna Mheshimiwa. Huyu alizaliwa wiki ile ya uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima, hata habari za kuzaliwa kwake zikasafirishwa kwa boda boda. Jina likamganda. Yuko Top, darasa la mwisho la chekechea, na ana kichwa kikubwa cha ukoo wetu ambacho Namasole hukitaja kila anapotaka kuniumiza.

Mheshimiwa ndiye aliyeanza kukonyeza.

Siku hiyo nilikuwa namhoji kuhusu rimoti iliyokutwa ndani ya sufuria ya maharage. Nimesimama, kidole kiko juu, sauti nimeishusha hadi kifuani. Akanisikiliza kwa adabu zote, mikono nyuma, halafu jicho lake la kulia likafumba na kufumbuka. Pap! Nikaendelea na mashtaka. Pap! tena. Sasa niambie, ni baba gani atatoa hukumu huku mshtakiwa anamkonyeza? Nikaifunga kesi. Wakili akatangaza kwamba mashtaka yamefutwa kwa kukosa ushahidi, na maharage tukala.

Tulidhani ni utundu tu, utapita. Haukupita. Na Kamwokya si mahali pa kukonyeza ovyo. Mkaanga chapati alikonyezwa akaongeza yai la pili kimyakimya, akidhani kuna siri kati yao. Dada anayechoma gonja akamwita "mume wangu" na kumpa ndizi bure, na tangu siku hiyo Mheshimiwa akawa hataki kupita njia nyingine. Pale kwenye steji ya boda alitupia jicho moja tu, wakawasha pikipiki watu watatu, kila mmoja akiapa kwamba aliyeitwa ni yeye. Mke wangu akafanya hesabu zake, akasema, "Taata Wakili, mtoto wako anaingiza kuliko wewe."

Usiku, hata hivyo, nilimkuta Mkaguzi Mkuu amepiga magoti kando ya kitanda, anamulika kope za mtoto kwa tochi ya simu. Akilala, jicho lilitulia kabisa. Akiamka, linaamka naye. Kisha shingo nayo ikajiunga: kichwa kinakwenda upande, bega linapanda kukipokea, mara mbili mara tatu, halafu anaendelea na mchezo wake wa vifuniko vya soda. Hapo mzaha ukatutoka. Mkaguzi Mkuu hakuhesabu tena chochote jioni hiyo, na ukiona hivyo ujue nyumba ina msiba.

Kikao kikaitishwa. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Wahenga hao hawakuwahi kukaa sebuleni kwangu.

Mkaguzi Mkuu alimshtaki mchomelea vyuma wa ng'ambo ya njia, ambaye cheche zake watoto huzitazama bila miwani, pamoja na simu ya Katikkiro yenye katuni. Katikkiro, kwa kujihami, akasema ni minyoo. Katikkiro anaamini minyoo ndiyo chanzo cha kila kitu, pamoja na ukosefu wa ajira. Ssenga, yaani shangazi yake mke wangu, tunamwita CBS kwa heshima ya redio ya ufalme wa Buganda, maana matangazo yake hayana mapumziko. Yeye alipiga simu kueleza kwamba jicho la kulia likicheza ni habari njema iko njiani, na la kushoto ni machozi. Tulipomwambia kwamba sasa ni shingo, akanyamaza kidogo, akasema shingo hana taarifa zake.

Mama yangu, Bibi Nshamba, yeye alikuwa na taarifa. Aliposikia tu kwenye simu kwamba mtoto anarudia jambo asiloweza kuliacha, akapiga kelele: "Mwanangu, hiyo ni Kashasha!"

Kama hukuzaliwa upande wetu, nikusimulie. Januari 30, 1962, katika shule ya wasichana ya bweni pale Kashasha, si mbali na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka, na kicheko kikakataa kukatika. Kikaruka kwa wenzao. Wanacheka, wanalia, wanatulia, wanaanza upya. Shule ilipofungwa Machi 18, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wakarudishwa makwao, na baadhi yao kwao ndiko kwetu Nshamba. Aprili na Mei watu 217 wa huko wakacheka, wengi wao watoto na vijana. Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula, hawakuona sumu wala kijidudu. Mama alikuwa mtoto mdogo wakati huo, na bado anasimulia jinsi shangazi yake alivyocheka mpaka mtungi wa maji ukamponyoka kichwani.

"Mtenge na wenzake," akaamuru. "Kinaambukiza kwa macho. Mlete kwangu."

Nilimwambia Mama hayo ni mambo ya zamani. Lakini jioni ileile Wakili alikuwa anakonyeza. Alidai anafanya uchunguzi. Mkia, ambaye hajui kufumba jicho moja, alifumba yote mawili akaenda kugonga kabati. Katikkiro naye akaanza. Na mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye shahada, nikajikuta darasani nafafanua ngeli ya KI-VI huku kope zinanikimbia na wanafunzi wa mstari wa mbele wanatazamana.

Usiku nikaingia kwenye simu. Ndugu yangu, mtoto akiumwa usiingie kwenye simu usiku. Nilitafuta shingo ya mtoto, nikaletewa ugonjwa wa kutikisa kichwa, ule uliowaangukia watoto wa kaskazini mwa Uganda, Kitgum, Pader na Lamwo, zaidi ya 3,000. Mtoto anaketi kula, kichwa kinadondoka mbele, kinainuka, kinadondoka tena, na muda huo yeye mwenyewe hayupo, hasikii wala haoni. Ni aina ya kifafa, na watafiti wanauhusisha na minyoo ya upofu wa mtoni, inayosambazwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito ya maji ya kasi. Nikasoma zaidi, nikaona kwamba miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alikutana na watoto wenye hali hiyo Mahenge. Mahenge ya Tanzania! Yaani hata hamu ya kukimbilia nchini kwangu ilikatwa.

Asubuhi nikafanya kosa gani? Hakuna. Nilimweleza tu mke wangu kwa sauti ya chini. Katikkiro, ambaye haamki kwa kengele wala kwa adhana, akainuka kwenye godoro lake la sebuleni: "Umesema minyoo? Si nilisema mimi?" Kabla ya saa nne watu wote nyumbani tulikuwa tumemeza dawa ya minyoo, mpaka mimi. Nikaketi mbele ya Mheshimiwa anapokula katogo, nimemkodolea macho nione kama kichwa kitadondoka chakula kikifika. Alivumilia kidogo, kisha akasogeza sahani.

"Taata, unataka ndizi yangu?"

Siku iliyofuata Namasole akawasili kutoka Mpigi na mkungu wa matooke, kuku wawili walio hai, na furushi la majani ya kyogero, ile dawa ya kuogeshea watoto wachanga. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba Mheshimiwa hakuogeshwa vya kutosha alipozaliwa, kwa sababu mama yake alisoma na mtu akisoma anaanza kuamini sabuni. Mtoto wa Top akatiwa kwenye beseni akaogeshwa upya, miguu inaning'inia nje, anakonyeza majirani waliokuja kutazama. Hoja ya pili ilikuwa lugha yangu. Namasole ni wa kizazi ambacho Kiswahili kilikuja mlangoni kwao kimevaa buti za askari wa Idi Amin. "Mtoto anaamrishwa kwa Kiswahili kutwa nzima," alisema, "jicho lisimcheze kwa nini?" Mwalimu wa Top alipoeleza kwamba shuleni Mheshimiwa karibu haonyeshi dalili yoyote, Namasole akaona kesi imekwisha. Shuleni mtoto mzima, nyumbani mgonjwa, na nyumbani kuna nani?

Lakini hoja ya tatu ndiyo iliyonimaliza, na hiyo inahitaji nikueleze mila. Buganda, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anageuza uso. John Roscoe, mmisionari Mwingereza aliyeishi na Waganda miaka mingi, aliuandika mwiko huo katika kitabu chake cha mwaka 1911, pamoja na maradhi ya kutetemeka yanayomngoja anayeuvunja. Katika kasri mwiko huo unatekelezeka. Katika vyumba viwili na sebule unahitaji ratiba. Kwetu sheria ni kikohozi: kabla sijaingia jikoni au ukumbini nasafisha koo kwa nguvu, "Mm-hmm!", naye anapata nafasi ya kujitanda shali na kugeukia ukutani. Mazungumzo tunayafanya kupitia Wakili, anayesimama kwenye pazia na kupeleka ujumbe, ingawa kila mmoja wetu anamsikia mwenzake vizuri. Kwa kila ujumbe anatoza biskuti.

Sasa, msimu wa mvua uliopita, mfereji wetu ulifurika, maji yakapanda njiani. Namasole alikuwa anashuka kwenye boda, kandambili ikateleza, na mimi nilikuwa karibu. Nikamshika mkono. Ningefanyaje, nimwache aende na maji hadi kinamasi cha Lubigi? Alinishukuru kupitia Wakili. Lakini moyoni aliandika tarehe. Na sasa, akiwa amekaa nyuma ya pazia, akaitoa: ule mtetemeko uliotakiwa kunipata mimi ulinikosa, ukamwangukia mtoto.

"Jjajja anasema jicho ni lako, Taata," Wakili akatafsiri. "Mheshimiwa analibeba tu. Biskuti mbili, ujumbe mrefu."

Dawa yake ilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, nimpe kwa heshima na kosa litafutika. Sina ugomvi na lubugo. Ni kazi ya mikono ya kujivunia: gome linabanduliwa, linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linalainika na kutanuka, mti unafungwa majani ya migomba nao unaota gome jingine. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu mwaka 2005. Nikaenda mjini, nikanunua, nikarudi na furushi la kahawia begani, nimeketi nyuma ya boda, tukakatiza katikati ya soko la Kamwokya saa kumi jioni, watu wote wako nje.

Kitu ambacho hakikunijia kichwani, mimi mtu wa Muleba, ni kwamba watu wa hapa wanajua vizuri lubugo hununuliwa siku gani. Ndiyo sanda ya marehemu.

Sijamaliza hata kufungua vifundo, wa kwanza akabisha hodi, amevaa gomesi nyeusi. "Poleni sana. Nani ametangulia?" Nyuma yake mkaanga chapati, amevua aproni. Nyuma yake vijana wa steji ya boda, kofia mikononi. Mlokole wa nyumba ya pili akaanzisha pambio. Viti vya plastiki vikatokea, sijui vilitoka wapi. Mheshimiwa akasimama mlangoni kuwapokea wageni kwa adabu, kila anayeingia anakonyezwa, na wengi wakainamisha vichwa wakijua mtoto ana uchungu. Mimi niko sebuleni napiga kelele kwamba hakuna aliyekufa, nao wananishika mabega wakisema ndivyo inavyokuwa mwanzoni, huwezi kuamini.

Na Katikkiro? Katikkiro alikuwa ameketi kwenye meza ndogo mlangoni, daftari liko wazi, anaandika majina na kupokea rambirambi.

Mkaguzi Mkuu aliporudi kazini aliwarudishia wote, shilingi kwa shilingi, akifuata daftari. Mzee mmoja tu alikataa kupokea. Alisema ziwekwe, msiba utakuja tu, yeye atakuwa ameshalipa.

Ni baada ya hapo ndipo mke wangu alipotangaza kwamba kikao kimevunjwa na mtoto anakwenda kwa daktari. Tulikwenda sisi watatu, pamoja na Katikkiro, aliyesema anawakilisha ukoo wa mama. Daktari wa watoto alikuwa kijana mtulivu. Alimkagua macho kama yana mzio au vumbi, akapima uwezo wa kuona, akamgonga magoti kwa kinyundo. Kisha akamwomba ahesabu hadi 20. Mheshimiwa akahesabu kwa sauti, akairuka 14 kama desturi yake, na katikati ya hesabu shingo ikaenda, bega likapanda, jicho likafumba, hesabu haikukatika.

"Umeona?" daktari akaniambia. "Yupo. Anajua alipo na anachofanya. Huu si ule ugonjwa wa kutikisa kichwa." Sikuwa nimeutaja. Nadhani kina baba wote wanaofika pale wana simu.

Akatueleza kwamba misuli ya mtoto inaweza kujizoesha kucheza yenyewe, macho, shingo, mabega, pua, hata koo. Madaktari huiita tiki. Hata mtoto mmoja kati ya watano huipitia wakati fulani, wavulana zaidi ya wasichana, na mara nyingi huanzia umri huuhuu wa chekechea na mwanzo wa shule ya msingi. Inapanda na kushuka, inahama kutoka jicho kwenda shingo, inazidi mtoto akichoka, akisisimka au akitiwa hofu, na kwa wengi huisha kabla ya mwaka kugeuka. Ikipita mwaka, nayo ina miondoko kadhaa pamoja na sauti, ndipo inaitwa ugonjwa wa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Hata huo hauozeshi akili wala hauui. Akamtaja kipa wa zamani wa Marekani, Tim Howard, ambaye ameishi nao tangu utotoni.

Katikkiro akasimama wima. Yeye ni Manchester United wa kufa na kuzikana, na Howard alikaa United kuanzia 2003. "Yule wa Ubelgiji?" akauliza. Yule wa Ubelgiji. Salvador, Brazil, Julai 1, 2014, Kombe la Dunia, mikwaju 15 aliyoiokoa peke yake, ingawa Marekani walifungwa 2–1 katika muda wa nyongeza. Kuanzia dakika ile mpwa wake hakuwa tena mgonjwa, alikuwa kipa.

Mkaguzi Mkuu akamuuliza Mheshimiwa mwenyewe, swali ambalo katika vikao vyetu vyote halikuwa kwenye ajenda: inakuwaje? Akafikiri. "Linawasha kwa ndani. Nikikonyeza linapoa. Shuleni nakaza. Nikifika nyumbani naachia."

Daktari akasema ni kama chafya, mtu anaweza kuibana, lakini kuibana kunachosha, na watoto wengi huibana mbele za watu wakaja kuiachia mahali wanapojisikia huru. Mke wangu akageuka dirishani, akawa anatafuta kitu kwenye mkoba kwa muda mrefu. Mimi nilitazama chati ya chanjo ukutani. Nyumba ile yenye pazia, kikohozi, mahubiri ya spika na Katikkiro kwenye godoro, ndiyo mtoto wetu anayoiona ni mahali pa kupumzikia. Nilitamani Namasole angekuwepo asikie, kwa umbali unaoruhusiwa.

"Dawa?" nikauliza.

"Kwa sasa hakuna. Alale mapema. Mwalimu ajulishwe. Msimkataze, msimcheke, msimsifu akiacha. Msimtazame."

"Na bibi yake?"

"Bibi naye asimtazame."

Yaani tulilipa ili tuambiwe tusifanye kitu. Kwa familia nyingine hiyo ni nafuu. Kwa yetu ni adhabu ngumu kuliko zote, maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliacha jambo likapita. Usiku wa kwanza tulikula matooke na mchuzi wa karanga huku jicho linapiga pap! pap! na sisi sote tumeinua nyuso juu. Mkia alimwaga kikombe cha maji na hakuna aliyeshuhudia. Wakili aligusa dari kwa macho mpaka akapata kizunguzungu. Mlokole wa nyumba ya pili aliyekuja kuomba chumvi akatukuta hivyo, akajua tuko kwenye maombi, akafumba macho, akajiunga.

"Taata," Mheshimiwa akanong'ona, "juu kuna nini?"

Hata hivyo tulijitahidi. Katikkiro alimnunulia glavu za kipa kwa ile rambirambi ya mzee aliyelipa mapema, na jioni wakawa wanacheza kwenye kauchochoro, watoto wa mtaa wote wanampigia mashuti. Alipokuwa golini jicho halikucheza. Taratibu shingo ikatulia, halafu jicho, likawa linakuja siku za uchovu tu. Namasole anasema ni lubugo. Bibi Nshamba anasema ni novena yake, na kwamba ofa ya kumchukua mtoto bado ipo. Katikkiro ana sanduku la dawa za minyoo na anatabasamu. CBS ametangaza kwamba yeye tangu mwanzo alisema ni habari njema. Daktari hakuna anayemtaja.

Kisha Jumapili moja nikasikia ukumbini: "Mm-hmm!"

Daktari alishatuonya kwamba huwa inahama. Imehamia kooni. Na katika sauti zote alizowahi kuzisikia maishani, Mheshimiwa amechagua yangu, ile ya kuomba njia, na anaipiga sawasawa mpaka mimi mwenyewe hugeuka. Namasole, aliyebaki kwetu kuhakikisha lubugo linafanya kazi, alikuwa jikoni anamenya ndizi. Mm-hmm! Akadondosha kisu, akajitanda, akageukia ukuta. Hakuja mtu. Akarudi kwenye ndizi. Mm-hmm! Ukutani tena. Kutwa nzima mama wa watu anainuka na kugeuka, matooke hayaivi, na sisi tumekatazwa kumwambia mtoto aache.

Siku ya nne magoti yakamshinda. Akaamua kwamba kila kikohozi ni cha mjukuu, na hatageuka tena. Uamuzi huo hakuupitisha kwa Wakili. Kwa hiyo nilipotoka kazini na njaa yangu, nikasafisha koo kwa adabu, nikafunua pazia la jikoni, tukakutana uso kwa uso, pua kwa pua, sahani ya binyebwa, ule mchuzi wa karanga, katikati yetu, naye akaniangushia ile sahani mikononi. Mikono ikagusana, yote minne.

Mkaguzi Mkuu ameshaingiza lubugo la pili kwenye bajeti ya mwezi ujao. Nimeomba safari hii liletwe usiku, ndani ya gunia la mkaa. Lakini leo asubuhi nimempita Katikkiro sebuleni, anapiga mistari kwenye daftari jipya.